Mpiga Piano Aliyefufua Nyimbo Zilizosahauliwa

Jioni ya leo nataka kuwasimulia habari za mtu mmoja wa Marekani, jina lake Raymond Lewenthal, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga piano na kuwafundisha wengine. Wapigaji wa piano ni wengi duniani, wala sina haja ya kuwataja wote. Huyu nimemchagua kwa sababu alishika njia ambayo wenziwe wengi waliiacha: alizitafuta nyimbo zilizolala vitabuni, akazizoeza mikono yake, kisha akazirudisha masikioni mwa watu. Tena liko jambo la pili ambalo litawapendeza ninyi mnaosikiliza redio, nalo ni kwamba mlango wa kazi hiyo ulifunguliwa na redio.

Kwanza yafaa niseme kidogo juu ya chombo chenyewe, maana najua wako wasomaji ambao hawajakiona. Piano ni kinanda kikubwa cha mbao, na ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200 zilizokazwa sana. Mbele ya mpigaji kuna vibao 88 vilivyopangwa safu moja, 52 vyeupe na 36 vyeusi. Ukibonyeza kibao kwa kidole, kinyundo kilichovikwa sufu hurushwa ndani kikapiga uzi, kisha hurudi nyuma mara moja ili uzi upate kulia. Basi piano si jamaa ya zeze peke yake. Ina ujamaa na marimba pia, kwa kuwa sauti yake hutoka kwa kupigwa. Ukiigusa pole hunong'ona, ukiigusa kwa nguvu hunguruma. Mtu ana vidole kumi tu vya kuvitawala vibao vyote hivyo, na mpigaji hodari ni yule aliyevifunza vidole vyake kwa saa nyingi kila siku, tangu utoto, hata vikatii bila kuulizwa.

Nyimbo zinazopigwa kwa piano huandikwa kwa alama juu ya mistari mitano. Alama zile hazitoi sauti. Kitabu cha muziki kisichopigwa ni kama utenzi ulioandikwa kwa herufi za Kiarabu ukafungiwa sandukuni: maneno yote yamo, lakini kama hapana wa kuusoma kwa sauti, hapana ajuaye kama ni mzuri au ni mbaya. Watu wa Mombasa wanajua habari hii vizuri, kwa kuwa mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yangalipotea kama Mwalimu Sikujua asingaliyakusanya na kuyaandika. Muziki nao una hatari ile ile, na pengine zaidi, kwa sababu shairi laweza kusomwa na kila ajuaye kusoma, bali wimbo mgumu wa piano wataka mtu aliyekwisha kutumia miaka kumi au ishirini ya maisha yake kabla hajaweza hata kuujaribu.

Tena iko sababu nyingine ya nyimbo kusahauliwa, nayo hutoka shuleni. Mwalimu humfundisha mwanafunzi zile nyimbo alizofundishwa na mwalimu wake mwenyewe. Mwanafunzi akiwa mwalimu hufanya vivyo hivyo. Watu wanaokuja kusikiliza nao hupenda kusikia wanachokijua, na wenye kumbi hupenda kuuza viti vyote. Hivyo baada ya miaka hamsini hubaki watungaji wachache ambao majina yao yamo vinywani mwa watu wote, na wengine ni kama hawakuzaliwa. Sisemi kwamba wale wachache hawastahili. Beethoven na Chopin wanastahili. Lakini si haki kudhani kwamba kila kilichoachwa kiliachwa kwa kuwa ni kibaya.

Sasa nirudi kwa Lewenthal. Alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa San Antonio, Texas, akakua California. Mwalimu wake wa huko alikuwa Bibi Lydia Cherkassky, ambaye mwanawe Shura alikuwa mpigaji mashuhuri. Baadaye kijana alikwenda New York katika chuo cha muziki kiitwacho Juilliard, akafundishwa na Bibi Olga Samaroff. Hapa nawaomba ruhusa nitoke njiani kidogo. Bibi huyu naye alizaliwa San Antonio, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Lucy Hickenlooper. Alipoanza kazi alishauriwa kulibadili, kwa kuwa watu wa siku zile hawakuamini kwamba mwanamke wa Texas mwenye jina kama hilo aweza kupiga piano vizuri. Wakimwona mtu mwenye jina la Kirusi, waliamini. Basi akawa Samaroff, vidole vikiwa vile vile. Nalitaja jambo hili ili mjue jinsi masikio ya watu yanavyoongozwa na majina, maana ndilo lililowapata watungaji waliosahauliwa.

Mwaka 1948 Lewenthal alipiga mbele ya watu pamoja na Philadelphia Orchestra, kundi la wapigaji lenye sifa kuu katika Marekani, akiongozwa na Dimitri Mitropoulos. Alipiga konserto ya tatu ya Prokofiev. Konserto ni utungo ambao mpigaji mmoja hujibizana na kundi zima, na hii ya Prokofiev ni ngumu na ya mbio sana. Kijana alisifiwa, akaalikwa huku na huku, na kila mtu aliona kwamba njia yake imenyoka.

Mwaka 1953 njia hiyo ilikatika. Lewenthal alikuwa akitembea katika Central Park, bustani kubwa iliyo katikati ya New York, akashambuliwa na kundi la wahuni. Walimpiga, na mifupa ya mikono yake ikavunjika. Mfikirie, msomaji: fundi seremala akivunjika mkono ni msiba, lakini akipona kidogo aweza kushika randa tena. Mpiga piano huhesabu mwendo wa kidole kwa upana wa unywele. Mifupa yake iliunga kwa taratibu, na moyo wake ulichelewa kupona kuliko mifupa. Akayaacha majukwaa, akatoka katika nchi yake.

Alikwenda Paris, akajifunza kwa mpigaji mkubwa wa Kifaransa, Alfred Cortot, ambaye wakati huo alikuwa mzee. Kisha akaenda Brazil, katika mji wa Rio de Janeiro, akakaa miaka kadhaa akifundisha. Wako waliodhani kwamba habari zake zimekwisha. Lakini katika miaka hiyo ya kukaa kimya alikuwa amepata mtu wa kumshughulisha, naye ni mtu aliyekufa zamani: Charles-Valentin Alkan.

Nani huyu Alkan? Alizaliwa Paris tarehe 30 Novemba 1813, katika nyumba ya Kiyahudi iliyojaa muziki. Alikuwa bado mtoto mdogo sana alipopokewa katika chuo kikuu cha muziki cha mji ule, na alipokuwa na miaka kumi alipata tuzo ya kwanza ya piano. Alipokua alikuwa rafiki na jirani wa Chopin. Liszt, ambaye watu walimhesabu kuwa mfalme wa piano, alimheshimu. Chopin alipokufa mwaka 1849, aliagiza kwamba maandiko yake ya kufundishia piano, ambayo hakuwahi kuyamaliza, apewe Alkan pamoja na mwenzake Reber.

Lakini mwaka mmoja kabla ya msiba huo, yaani 1848, Alkan alikuwa amepata uchungu mwingine. Mwalimu mkuu wa piano katika chuo kile alijiuzulu, na Alkan akitumaini kwamba cheo hicho kitakuwa chake. Hakupewa. Alipewa Marmontel, mtu ambaye Alkan aliona hamfikii kwa ustadi. Basi akajifungia. Kwa muda wa miaka kama 25 hakuonekana ukumbini ila mara chache sana. Alikaa nyumbani akisoma Biblia na kuitafsiri kwa Kifaransa, na akitunga. Mwaka 1873 alitoka tena, akaanza kupiga mbele ya watu katika mikutano midogo ya muziki aliyoiandaa mwenyewe, lakini nchi ilikuwa imekwisha kumsahau. Alifariki Paris tarehe 29 Machi 1888. Wako wasimuliao kwamba aliangukiwa na kabati la vitabu alipokuwa akinyosha mkono achukue kitabu kitakatifu kilichokuwa juu. Ni hadithi tamu, na kwa hiyo imeenea. Lakini waliochungua mambo hawakuona ushahidi wake.

Yapasa niwaeleze namna ya muziki wake, maana hapa ndipo penye kisa chote. Mwaka 1857 Alkan alitoa vitabu vya tungo kumi na mbili, alivyoviita mafunzo. Usidanganyike na neno hilo ukadhani ni vitu vya watoto. Kurasa zake ni 277, na kuzipiga zote huchukua saa mbili hivi. Ndani yake mna simfoni nzima, yaani utungo ambao kwa kawaida hupigwa na watu sitini au themanini kwa pamoja, lakini yeye ameuandika kwa mtu mmoja na piano moja. Mna na konserto, ambayo kwa desturi ni majibizano ya mmoja na wengi. Yeye amemtwika yule mmoja kazi ya wengi pia, hata mpigaji hujiuliza na kujijibu mwenyewe. Sehemu ya kwanza tu ya konserto hiyo yakaribia nusu saa. Waandishi wa muziki hutenga mapigo kwa mistari ya kusimama, na ukivihesabu vipande hivyo katika sehemu hiyo moja utapata zaidi ya 1300.

Utungo wa mwisho katika kumi na mbili zile huitwa Karamu ya Esopo. Esopo ni yule wa hadithi za wanyama, ambazo wengi wenu mmezisoma. Husimuliwa kwamba bwana wake alimtuma sokoni anunue kitu kilicho bora kuliko vyote kwa ajili ya wageni, naye akanunua ndimi tupu. Akazipika namna hii na namna ile, na kila sahani iliyoletwa ilikuwa ulimi. Muziki wa Alkan wafanana na karamu hiyo: wimbo mmoja mfupi huletwa mezani, kisha hupikwa upya mara 25. Mara ni wa huzuni, mara ni wa kishindo, mara wadhani wasikia mbwa wawinda, mara nyuzi za juu zalia kama mdudu. Ulimi ni ule ule. Sijui kama kuna utungo wa piano uchekeshao na kutisha kwa pamoja kama huo.

Waliomkumbuka Alkan walikuwapo, ijapokuwa wachache. Mtaliano Busoni, mpigaji na mtungaji, alimweka katika safu moja na Chopin, Schumann, Liszt na Brahms. Egon Petri, mwanafunzi wa Busoni, alizipiga baadhi ya tungo zake katika redio ya Uingereza katika miaka ya 1930. Lakini vita vikaja, na moto huo mdogo ukapoa.

Huko Paris Lewenthal alitafuta vitabu na barua na kila habari iliyomhusu Alkan. Alikusudia hata kuandika kitabu cha maisha yake, lakini kitabu hicho hakikutoka. Akazitia tungo zile mikononi, mikono ile iliyovunjwa. Nadhani hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote katika habari yake. Mtu aliyeumia mikono angalichagua nyimbo nyepesi, na hapana ambaye angalimlaumu. Yeye alichagua zile ambazo wenye mikono mizima walikuwa wakizikimbia.

Alirudi New York mwaka 1961. Mwaka 1963 alipewa nafasi katika kituo cha redio kiitwacho WBAI. Kituo hicho si cha serikali wala hakiishi kwa matangazo ya biashara. Wasikilizaji wenyewe hukichangia. Labda kwa sababu hiyo kiliweza kufanya jambo ambalo kituo cha biashara kisingalithubutu: kumwachia mtu mmoja saa mbili nzima aseme juu ya mtungaji asiyejulikana, na kupiga muziki wake. Lewenthal akasema, akapiga, akaeleza, akapiga tena. Watu waliosikiliza walistaajabu, wakaleta barua nyingi wakiuliza ni nani huyu, na vitabu vyake vyapatikana wapi.

Jibu la kweli lilikuwa kwamba ilikuwa shida kuvipata. Ndipo kampuni ya kuchapa muziki ya G. Schirmer ikamwomba Lewenthal atengeneze kitabu cha tungo za Alkan, nacho kikatoka mwaka 1964. Mimi nakihesabu kitabu hiki kuwa sehemu kubwa ya kazi yake ya ualimu, kupita hata masomo aliyoyatoa darasani. Hakuzitoa alama tupu. Alitanguliza maelezo marefu ya maisha ya Alkan na ya namna ya kuzipiga tungo zake: mkono uende wapi, mwendo uwe wa namna gani, mahali gani mwanafunzi atajikwaa na afanyeje. Mwanafunzi aliye mbali, asiyeweza kumfikia mwalimu, alimpata mwalimu ndani ya kitabu.

Mwezi wa Septemba 1964 alipanda jukwaa la Town Hall, New York, baada ya miaka mingi ya kutoonekana hapo, akapiga tungo za Alkan. Ukumbi ulimpokea kwa shangwe, na magazeti yakaandika. Mwaka uliofuata kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri yake, na ndani yake imo Karamu ya Esopo pamoja na simfoni ile ya mtu mmoja. Kwa santuri hiyo jina la Alkan lilifika katika miji ambayo Lewenthal mwenyewe hakuikanyaga.

Hakusimama kwa Alkan peke yake. Aliwafufua wengine wa zama zile: Henselt, ambaye konserto yake aliipiga London mwaka 1968, Thalberg, Scharwenka, Rubinstein. Alipiga na ule utungo uitwao Hexameron, ambao mwaka 1837 uliombwa na mwanamke wa ukoo wa kikabaila, Bibi Belgiojoso, kwa wapigaji sita mashuhuri wa Paris, kila mmoja atunge kipande chake juu ya wimbo mmoja. Alkan naye ana mzaha wake, Maziko ya Kasuku, ambao waimbaji humlilia ndege kwa uzito kana kwamba ni sultani aliyekufa. Lewenthal akautia huo nao katika santuri.

Hapa nitasema maoni yangu waziwazi. Si kila kilichochimbuliwa kilikuwa dhahabu. Katika tungo hizo ziko ambazo ni vidole vingi na maneno machache, kama msemaji ajuaye kupaza sauti lakini hana habari. Henselt hupendeza jioni moja, kisha hapana haja ya kumrudia mara nyingi. Hata Alkan ana kurasa ambazo zimerefushwa bila sababu. Na Lewenthal mwenyewe alipenda mikogo: huvaa joho kama watu wa karne ya 19, taa za ukumbi zikapunguzwa. Wako waliomcheka kwa hayo. Lakini mtu hawezi kupepeta mpunga ambao haujavunwa. Kabla yake, watu waliomhukumu Alkan walikuwa wakihukumu kitu wasichokisikia.

Katika kazi ya darasani alifundisha katika vyuo viwili vya New York, Mannes na Manhattan School of Music. Wanafunzi waliokwenda kwake walikuta mwalimu ambaye hakuwaambia kwamba orodha ya nyimbo njema imekwisha fungwa. Jambo hili latisha kidogo kwa mwanafunzi, kwa sababu akipiga wimbo unaojulikana aweza kumwiga mwingine. Akipiga usiojulikana, hana wa kumwiga, lazima afikiri mwenyewe maana yake ni nini.

Wakati huo huo ng'ambo ya bahari alikuwako Mwingereza Ronald Smith, aliyekuwa akifanya kazi kama hiyo kwa njia yake, na kuandika vitabu viwili juu ya Alkan, cha kwanza mwaka 1976. Mwaka 1977 chama cha wapenzi wa Alkan kiliundwa Uingereza. Baadaye wakaja vijana wengine. Mwaka 1995 Jack Gibbons alipiga katika mji wa Oxford tungo zote kumi na mbili katika mkutano mmoja. Marc-André Hamelin wa Kanada amezitia katika rekodi tungo nyingi za Alkan kwa ustadi ambao waliotangulia wangaliushangaa. Siku hizi mwanafunzi wa piano akitaja jina la Alkan, mwalimu wake hamwulizi ni nani.

Lewenthal hakuishi kuyaona yote hayo. Katika miaka yake ya mwisho alijitenga na watu, moyo ukimsumbua kwa ugonjwa, akaacha kupiga hadharani. Alifariki mwezi wa Novemba 1988 katika mji mdogo wa Hudson, katika jimbo la New York, mwaka uleule uliotimia miaka mia tangu kufa kwa Alkan.

Ukipata nafasi ya kusikia muziki huu, usianze na konserto, maana utachoka kabla haujafika nusu. Anza na utungo mfupi wa Alkan uitwao Barcarolle, ambao Lewenthal aliutia katika santuri ile ya kwanza. Maana ya jina hilo ni wimbo wa wapiga makasia. Wauchukua muda wa dakika chache tu. Mkono wa kushoto huenda na kurudi kama maji ubavuni mwa chombo, na mkono wa kulia huimba. Nasi tutawapigia wimbo huo sasa, kabla ya taarifa ya habari.